Soda, chai na vifuniko vya meno

Ikiwa ulikulia Nakuru, Naivasha au kwingineko katika Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana madini mengi ya floraidi, huenda meno yako yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Si uchafu. Baadhi ya wenye madoa hayo, wakishapata kazi mjini, huenda kuwekewa vifuniko vya meno: vipande vyembamba vya kauri, au vya ile dawa ya kuzibia meno yenye rangi ya jino, ambavyo hugundishwa upande wa mbele.

Mimi si daktari wa meno, lakini swali huletwa kwangu pia: Daktari, sasa niache chai?

Inategemea ulichowekewa. Kauri haishiki rangi kwa urahisi. Dawa ya kuzibia ndiyo hunyonya rangi ya chai, kahawa na mvinyo mwekundu, na baada ya miaka michache hugeuka manjano. Dawa za kung'arisha meno haziisaidii. Daktari huisugua au huibadilisha.

Hata hivyo, chai si adui mkubwa. Adui ni soda, maji ya ndimu na vinywaji vya kuongeza nguvu. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, huanza kuyeyuka pH kinywani inaposhuka chini ya 5.5 hivi, soda ya kola ina karibu 2.5. Kauri yenyewe haidhuriki sana. Kinacholiwa ni jino lako pale kifuniko kinapokomea, karibu na ufizi. Hapo hutokea upenyo, sukari huingia, na jino huoza kwa nyuma huku mbele kukimeremeta. Kifuniko kikibanduka, mtu hulaumu gundi. Na kumbuka kwamba kwa kawaida jino husuguliwa kabla ya kufunikwa. Enameli iliyoondolewa haioti tena.

Kwa hiyo, afadhali unywe soda yako pamoja na chakula uimalize, kuliko kuiweka mezani ofisini ukiionja tangu saa nne hadi saa saba. Kila funda huanzisha asidi upya. Ukimaliza, sukutua kwa maji, kisha ngoja angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana enameli iliyolainishwa na asidi huondoka ikisuguliwa. Mrija husaidia kidogo.

Na chupa, tafadhali, ifungue kwa kifungulio. Kauri inayostahimili chai miaka kumi huweza kumeguka siku moja kwa kizibo cha chuma.