Kuchagua Fremu ya Baiskeli ya Changarawe

Baiskeli ya changarawe ni baiskeli gani? Ni ile yenye usukani uliopindwa kama pembe za kondoo, mfano wa baiskeli za mashindano ya lami, ila matairi yake ni mapana na fremu yake imekusudiwa barabara isiyo na lami. Jina hili lilivuma Marekani, hasa jimbo la Kansas, ambako mwaka 2006 watu 34 walianza mashindano ya maili 200, yaani kilomita 322 hivi, katika njia za mawe za karibu na mji wa Emporia. Kwetu jina ni jipya lakini jambo lenyewe ni la zamani. Ile baiskeli nyeusi ya babu zetu, ambayo Kenya huitwa Black Mamba, ilikuwa na tairi la upana wa milimita 40 hivi, nayo ilipita changarawe kila siku na gunia juu ya keria. Tangu mwaka 2021 Kenya nayo imekuwa na mbio zake za baiskeli za changarawe, za siku 4, katika nchi ya Wamasai.

Vijana wengi hupenda kujiundia baiskeli yao wenyewe: fremu hapa, magurudumu kule, gia kwa fundi mwingine. Yafaa, na hujifunza mengi. Lakini wengi huanza na gia, kisha rangi, na fremu huwa ya mwisho. Huko ni kuezeka kabla ya kujenga. Akosaye katika tairi hupoteza bei ya tairi. Akosaye katika fremu huona magurudumu hayaingii, breki hazina pa kufungwa, na mgongo unauma, na yote hayo kwa fedha ambayo pengine mzazi aliipata kwa kuuza mbuzi.

Kwanza mwili. Usiulize fremu ni ya inchi ngapi, maana kila kiwanda hupima kwa namna yake. Pima mambo mawili kutoka katikati ya ekseli ya pedali: kwenda juu mpaka usawa wa mdomo wa bomba la usukani, na kwenda mbele mpaka mdomo huo huo. Kiti si shida, nguzo yake hupanda na kushuka. Lakini huo umbali wa kwenda mbele haubadiliki. Shingo ya usukani husaidia sentimita 1 au 2 tu. Fremu ikiwa ndefu mno, mpandaji hunyooka kama aogeleaye, na kabla ya safari kwisha viganja vimekufa ganzi. Njia rahisi ni kutafuta baiskeli ambayo mwili wako unaikubali, kuipima kwa timazi na rula, na kwenda dukani na tarakimu hizo mbili mfukoni.

Kisha nafasi ya tairi. Kwa changarawe yetu tairi la milimita 40 hadi 45 lafaa. Acha milimita 6 kila upande, wala si chini ya hapo. Basi tairi la 45 lahitaji mwanya wa milimita 57. Pima nyuma ya ekseli ya pedali, pale mabomba mawili ya chini yanapokaribiana, maana hapo ndipo penye dhiki. Aliyepita katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hahitaji kuelezwa sababu.

Jambo la tatu ni mwinamo wa bomba la usukani. Vuta kwa mawazo mstari upitao katikati ya bomba hilo mpaka ardhini. Utagusa ardhi mbele ya pale tairi linapogusa, na umbali baina ya nukta hizo mbili ndio unaolifanya gurudumu lipende kwenda moja kwa moja. Nimepiga hesabu: baiskeli ya lami yenye mwinamo wa nyuzi 73, nusu kipenyo cha gurudumu milimita 336, na uma uliosogezwa mbele milimita 45, hupata milimita 56 hivi. Ya changarawe yenye nyuzi 71, milimita 351 na 50, hupata 68. Ya pili ni tulivu zaidi katika mteremko wa mawe. Wa Kidato cha Tatu na kuendelea wajaribu hesabu hiyo kwa sini na kosini.

Sasa tuje kwenye madini, ambako ubishi hauishi. Watu husema alumini ni nyepesi, basi ni bora. Tutazame. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85 hivi, ya titani 4.5, ya alumini 2.7. Ukakamavu wao, kwa kipimo cha gigapaskali, ni 200, 110 na 70 hivi. Gawanya ukakamavu kwa uzito: utapata 25, 24 na 26. Karibu sawa! Siri basi imo katika umbo la bomba. Bomba likipanuliwa kipenyo mara 2 na ukuta wake ukapunguzwa nusu, uzito haubadiliki, ila ukakamavu wa kupindika huwa mara 4. Ndiyo sababu fremu za alumini zina mabomba manene. Walakini ukuta mwembamba hubonyea upesi, na alumini huchoka: kila mtikisiko huhesabiwa, hata uwe mdogo. Chuma kina kiwango ambacho mitikisiko iliyo chini yake haikidhuru.

Kwa maoni yangu mtu wa huku achague chuma. Kikipasuka, fundi wa kulehemu kwa shaba aweza kukitengeneza. Alumini iliyochomelewa mara nyingi yahitaji kupashwa moto upya kiwandani ili irudishe nguvu, na fremu ya nyuzi za kaboni yataka fundi wa pekee. Lakini tahadhari: katikati ya mabomba mazuri ya chuma ukuta una nusu milimita tu au zaidi kidogo, na fundi wa mageti ataukata kama karatasi.

Ekseli ya pedali iwe ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu, si ya kushindiliwa, kwa sababu ya vumbi. Nafasi ya gurudumu la nyuma iwe milimita 142, ambayo magurudumu mengi ya breki za disiki huingia.

Ukinunua iliyotumika, papasa chini ya bomba kubwa karibu na usukani. Rangi iliyojikunja hapo ni alama ya ajali. Kisha funga uzi kwenye tundu la ekseli ya nyuma, upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe upande wa pili. Pima kutoka kila uzi mpaka bomba la kiti. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 2, fremu imepinda. Ikiwa ni ya chuma, fundi aweza kuinyoosha, nawe upunguziwe bei. Ikiwa ni ya alumini, mrudishie mwenyewe.