Njeo Ijayo ya Vitenzi vya Kawaida vya Kihispania: Masalia ya Kitenzi Kisaidizi

1.0 Utangulizi

Vitenzi vya Kihispania hugawanywa katika makundi matatu kwa kuzingatia mwisho wa kitenzi-jina: -ar, -er na -ir. Katika njeo iliyopo mgawanyo huo huathiri viambishi vya nafsi. Katika njeo ijayo hauviathiri kabisa. Makala haya yanaeleza sababu ya hali hiyo.

2.0 Kanuni

Viambishi tamati vya nafsi huambatishwa kwenye kitenzi-jina kizima, bila kudondosha chochote. Mfano ni cantar 'kuimba':

Nafsi ya 1: cantar-é, cantar-emos
Nafsi ya 2: cantar-ás, cantar-éis
Nafsi ya 3: cantar-á, cantar-án

Ndivyo ilivyo pia kwa comer 'kula' (comeré) na vivir 'kuishi' (viviré). Alama ya mkazo huandikwa katika maumbo yote isipokuwa lile la -emos.

3.0 Chimbuko

Viambishi hivyo vinashabihiana na njeo iliyopo ya kitenzi kisaidizi haber: he, has, ha, hemos, habéis, han, ambamo h haitamkwi. Mshabaha huu si sadfa. Katika Kilatini cha watu wa kawaida, cantare habeo ilimaanisha 'nina la kuimba'. Baadaye maneno hayo mawili yaliungana. Katika Kihispania cha Zama za Kati kiwakilishi kiliweza bado kuyatenganisha: cantarlo he 'nitauimba'. Kwa kuwa kitenzi kisaidizi kilikuwa kimoja kwa makundi yote, viambishi navyo vikawa seti moja.

4.0 Ulinganisho na Kiswahili

Kiambishi -ta- cha Kiswahili kimetokana na kitenzi -taka. Kirejeshi kinapoingia, umbo kamili hujitokeza: ataimba, lakini atakayeimba. Lugha hizi mbili hazina nasaba moja, na vitenzi vilivyotumika ni tofauti. Hata hivyo, katika kila moja kipashio kinachopenyezwa ndicho kinachofichua kiungo cha kale.

5.0 Hitimisho

Historia haipaswi kuchukuliwa kuwa ndiyo muundo wa leo. Cantaré sasa ni neno moja, na r yake hujitokeza pia katika cantaría 'ningeimba'. Kwa hiyo uchanganuzi wa canta-r-é una mashiko katika isimu ya kisasa. Mwanafunzi anahitaji seti moja tu ya viambishi. Mwanaisimu anawajibika kueleza kwa nini ni moja.