Somo la 14: Safari ya Makumbusho Butiama

Butiama iko katika Mkoa wa Mara. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999. Mwaka huo huo yalifunguliwa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Humo mna vitu alivyotumia na zawadi alizopewa.

Tuseme darasa lenu limeamua kwenda. Mkitoka Bunda au Musoma, mtafika Makutano, kisha mtashika barabara ya Butiama. Pelekeni habari mapema. Chukueni daftari na kalamu.

Karibu na vitu kuna maandishi. Yasomeni polepole. Msiguse vitu, maana jasho la mikono huharibu ngozi, mbao na chuma.

Wengi hudhani kazi ya makumbusho ni kuweka vitu vya zamani kabatini. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni daftari. Kitu kikiletwa hupewa namba. Namba hiyo huandikwa katika daftari pamoja na habari zake: kinaitwaje, kimetoka wapi, nani alikitengeneza, kilifanya kazi gani.

Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale sana huko Olduvai, ng'ambo ya Serengeti. Mahali lilipotoka paliandikwa vizuri. Kwa hiyo wataalamu waliweza kupima majivu ya volkano ya tabaka lile la udongo. Wakajua kuwa fuvu lina umri wa miaka 1,750,000 hivi. Lingetiwa katika gunia bila maandishi, lingekuwa mfupa tu.

Sasa tutazame nyumbani. Bibi mmoja ana mtungi. Anajua nani aliufinyanga na udongo ulichimbwa wapi. Wajukuu wake hawajui. Bibi akifariki, mtungi utakuwa wa kunyweshea kuku! Mtungi huo si lazima uende Butiama. Unahitaji nusu ukurasa tu, kama hivi:

"Mtungi huu aliufinyanga mama yangu kabla sijaolewa. Udongo ulitoka kando ya mto. Tuliuweka gizani ili maji yapoe. Shingo ilipasuka mwaka wa njaa. Hatukuutupa."

Usiogope kukosea herufi. Mwalimu atasahihisha herufi. Habari yenyewe hawezi kuisahihisha, maana wewe ndiye unayeijua.

Kazi ya darasa

1. Kwa nini hatugusi vitu vya makumbusho?
2. Wataalamu walijuaje umri wa fuvu la Olduvai?
3. Chagua kitu kimoja cha zamani nyumbani kwako. Andika jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwenu. Andika nani alikitengeneza na kilitumikaje.
4. Kama hujui, muulize mzee wiki hii. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha msomee.