Jembe Bado Analo, Lakini Ameibiwa: Vijana na Gemu za Kukopi

Maandiko: Mambo ya Walawi 19:13; Yakobo 5:4; Waefeso 4:28

Somo la wiki hii ni la vijana hasa, lakini wazazi msiweke karatasi chini. Mna sehemu yenu.

Siku hizi kijana akiwa na flashi na shilingi chache, atawekewa gemu mpaka flashi ijae. Mwingine anadanlodi mwenyewe gemu ambayo kufuli yake imevunjwa na mtu asiyemjua. Ukimuuliza, jibu liko tayari: "Pasta, sijaiba. Nimekopi tu. Mwenyewe si bado anayo yake?"

Hilo swali lina akili, na linastahili jibu. Ukiiba kuku, mwenye kuku hana kuku. Ukikopi gemu, mwenye gemu bado anayo. Sasa wizi uko wapi?

Twende shambani. Mtu anamwita kibarua apalilie mahindi kutwa nzima. Jioni anamwambia, "Enda nyumbani. Jembe lako si bado unalo? Mikono si bado unayo?" Ni kweli, hakuna kitu kimetolewa kwa huyo kibarua. Lakini hata mtoto anajua ameibiwa. Ameibiwa ujira. Ndiyo maana katika Walawi 19:13 Mungu anamtaja anayelaza ujira wa kibarua mpaka asubuhi pamoja na mnyang'anyi. Na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unalia, na Bwana anasikia.

Sisi watu wa Bungoma habari hii hatuhitaji kufundishwa. Unatunza miwa karibu mwaka mmoja na nusu, inakatwa, inabebwa, kisha unangoja malipo huku karo inadaiwa. Kama hilo linatuuma, tusimfanyie mwingine.

Nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusuni nieleze kidogo. Gemu hula pesa kabla ya kuuzwa. Wachoraji, watunzi wa muziki na waandishi wa programu hufanya kazi miezi mingi, pengine miaka, kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Kutoa nakala baadaye ni karibu bure. Kwa hivyo bei unayolipa si ya nakala. Ni ujira wa jasho la kwanza.

Utasema, "Hao ni matajiri wa Marekani na Japani." Amri ya Kutoka 20:15 haiulizi mwenye mali ni tajiri ama maskini. Tena si wageni peke yao. Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu ya The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka wa 2015. Soko likizoea vya bure, kijana wa Sirisia au Chwele anayesomea kompyuta leo atakula nini kesho? Unafunga mlango ambao ungeupitia wewe mwenyewe.

Sheria pia ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inaweka programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu, na kuna Bodi ya Hakimiliki ya kuisimamia. Na kuna hatari nyingine: aliyevunja kufuli ya gemu hakukufanyia hisani. Faili kama hizo zinaweza kubeba programu ya kusoma ujumbe wa simu, na simu yenyewe ndiyo ile mama anatumia kwa M-Pesa.

"Lakini Pasta, gemu ni ghali." Ni kweli. Gemu mpya ya PlayStation yaweza kufika dola 70, karibu shilingi 9,000. Hiyo ni mbuzi mzima! Lakini bei kuwa juu si ruhusa ya kuchukua. Kuna gemu ambazo wenyewe wametoa bure, kama eFootball tangu mwaka wa 2021. Kuna diski za mtumba. Kuna kungoja bei ishuke. Na kuna kukosa, ambako hakujaua mtu. Waefeso 4:28 haimwambii mwizi aache tu. Inamwambia afanye kazi kwa mikono yake, apate hata cha kumpa mhitaji.

Wazazi, sasa nyinyi. Ile flashi ya nyimbo za injili inayocheza kwa gari na dukani, mwimbaji alilipwa? Tukimkemea kijana kwa gemu na sisi tunamwabudu Mungu kwa nyimbo za kukopi, atatusikia kweli?

Kazi ya wiki: fungua simu, laptopu na flashi yako. Futa kile ambacho mwenyewe hakuuza wala hakutoa bure. Kisha mjadili nyumbani: ni ujira wa nani mwingine umelala kwetu? Kibarua? Fundi? Msichana wa kazi?

Tuombe: Bwana, utupe mikono safi hata mahali hakuna anayetuona. Utufundishe kulipa jasho la wengine kama tunavyotamani letu lilipwe. Katika jina la Yesu, amina.