Shilingi Moja ya Kusikiliza Hotuba: Jinsi Sayansi Ilivyofunguliwa Mlango Mjini London

Mjini London, katika mtaa wa Albemarle, iko nyumba kubwa yenye safu ya nguzo mbele yake. Ndani mna ukumbi ambao viti vyake vimepangwa nusu duara, vikipanda safu juu ya safu, hata mtu aliyekaa nyuma kabisa huiona meza ya msemaji sawa na yule aliyekaa mbele. Nyumba hii ni ya chama kiitwacho Royal Institution, kilichoanzishwa mwaka 1799. Tangu wakati huo watu wa mji huo wamekuwa wakienda pale jioni kusikiliza hotuba za sayansi, na si kusikiliza tu, bali kuona kwa macho yao mambo yanayosemwa.

Msomaji pengine ataona kwamba hili ni jambo dogo. Mtu mwenye elimu husimama, husema, watu hupiga makofi, kisha kila mmoja hurudi kwake. Lakini katika nyumba ile palizuka mapema sana swali gumu: ni nani atakayeruhusiwa kuingia?

Mmoja wa walioanzisha chama hicho alikuwa Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani, aliyejulikana kwa cheo cha Count Rumford. Yeye alipenda sayansi inayofika jikoni. Alibuni majiko yasiyokula makaa mengi na mabomba yasiyorudisha moshi chumbani. Pamoja naye alifanya kazi mjenzi mmoja, Thomas Webster, ambaye alitaka mafundi na watu wa kazi za mikono nao wapate mahali pa kujifunza. Basi alipoutengeneza ukumbi, Webster alijenga ngazi ya mawe ya pekee, iliyotoka barabarani moja kwa moja hadi kwenye roshani ya juu. Fundi mwenye nguo za kazi angeweza kupanda, kuketi na kusikiliza bila kupita katika vyumba vya mabwana.

Siku zile watu wenye mali wa Uingereza walikuwa na hofu. Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza mwaka 1789 hayakuwa yamesahauliwa, na wengi walifikiri kwamba mtu wa chini akipewa elimu ataanza kuuliza maswali mengine pia. Webster akaulizwa kwa ukali alikuwa na nia gani kuwafundisha watu wa namna hiyo, akaonywa asiendelee. Ngazi ikabomolewa. Hotuba zikaendelea, lakini kwa wale wenye uwezo wa kulipa ada. Tangu mwaka 1801 msemaji aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Humphry Davy, na magari ya farasi yaliyowaleta wasikilizaji wake yalijaa mtaani hata, kama isimuliwavyo, Albemarle ukawa mtaa wa kwanza wa London ambao magari yaliamriwa kupita kwa upande mmoja tu.

Hata hivyo maneno yakisemwa mbele ya watu ni vigumu kuyafungia ndani ya ukuta. Miongoni mwa waliomsikiliza Davy alikuwako bibi mmoja, Jane Marcet. Aliona kwamba hotuba zilipita upesi mno kwa mtu asiyekuwa na msingi, naye akajifunza zaidi nyumbani kwa kuzungumza na rafiki na kufanya majaribio. Kisha akaandika kitabu cha kemia kwa namna ya mazungumzo baina ya mwalimu na wanafunzi wake wawili wa kike. Kilitoka katika miaka ya 1805 na 1806, bila jina la mwandishi.

Kitabu hicho kilifika mikononi mwa kijana ambaye hakuna aliyemkusudia. Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi aliyekuwa mgonjwa mara kwa mara. Mwaka 1801, wakati wa taabu kubwa ya chakula, mtoto huyo alipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Alipofika umri wa miaka kumi na minne aliwekwa kuwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu, kwa mapatano ya miaka saba. Mchana alishona kurasa na kubandika majalada, na saa za mapumziko alisoma vitabu vilivyoletwa dukani. Kile cha Bibi Marcet kilimshika moyo, naye akayafanya majaribio yake yale aliyoweza kuyafanya kwa senti chache alizokuwa nazo.

Katika mwaka 1810 Faraday aliona tangazo la hotuba za jioni nyumbani kwa bwana mmoja aitwaye John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa kila hotuba. Kwa mwanagenzi shilingi moja haikuwa fedha ndogo. Kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemlipia. Twafaa kulikumbuka jina la Robert pia, kwa maana vitabu vingi humsifu ndugu mdogo na kumpita yule aliyetoa shilingi.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa Faraday tikiti za hotuba nne za Davy. Akaketi juu kwenye roshani, juu ya saa ya ukumbi, akaandika kila alilosikia. Nyumbani akayaandika upya kwa mwandiko safi, akachora picha za vyombo, akayajalidi yote kwa mkono wake mwenyewe, kurasa zaidi ya 300. Alikuwa amekwisha kumwandikia mkuu wa Royal Society kuomba kazi yo yote ya sayansi, hata ikiwa ya chini, asipate jibu. Safari hii akamwandikia Davy, akampelekea na kile kitabu. Davy akamwita. Mwezi wa Machi mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara kwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili juu ya nyumba.

Hivyo mwana wa mhunzi akaingia kwa kazi mahali ambapo ngazi ya mafundi ilikuwa imebomolewa. Nao mafundi wa London hawakungoja waitwe. Mwaka 1823 watu wapatao 2,000 walikutana katika nyumba moja ya wageni barabara ya Strand, wakaanzisha chama chao cha masomo ya jioni. Aliyewaongoza alikuwa daktari George Birkbeck, ambaye zamani huko Glasgow aliwahi kuwahutubia mafundi. Mwaka 1830 chama kikawakubali wanawake pia, na chuo kilichotokana nacho, Birkbeck, kingali kikifundisha watu wa London jioni baada ya kazi.

Faraday naye, kwa kuwa alijua jinsi ilivyo kukaa juu na kutega sikio, aliichukua kazi ya kuhutubu kama ufundi wa kujifunza. Katika mwaka 1813, akiwa bado msaidizi tu, alimwandikia rafiki yake barua ndefu juu ya wasemaji aliowaona: jinsi wanavyosimama, jinsi wanavyoviweka vyombo mezani, na kwamba saa moja yamtosha mtu ye yote kusikiliza. Akalipa fedha kufundishwa kusema. Alipohutubu, mbele yake palikuwa na kadi iliyoandikwa neno la kumkumbusha aende polepole, na msaidizi wake Anderson alikuwa na amri ya kumsogezea akisahau. Wasemaji wengi wa mikutano yetu wangefaidiwa na kadi hiyo.

Katika mwaka 1825 Royal Institution ilianza mambo mawili: hotuba za Ijumaa jioni kwa watu wazima, na hotuba za Krismasi kwa vijana. Hizi za Krismasi Faraday alizitoa mara 19 kati ya mwaka 1827 na 1860. Mwishoni mwa mwaka 1855 wana wa Malkia Victoria waliletwa na baba yao wakaketi mbele yake, na mmoja wao baadaye akawa Mfalme Edward wa Saba.

Hotuba zake zilizojulikana kuliko zote zilihusu mshumaa. Alizitoa mwaka 1848, na tena katika Krismasi ya mwaka 1860. Hakuchagua nyota wala volkano, bali kitu ambacho kila mtoto alikuwa nacho nyumbani. Msomaji anaweza kuyaona baadhi ya hayo mezani kwake, mahali pasipo na upepo wala vitu vinavyoshika moto, na watoto wakiwa pamoja na mtu mzima.

Washa mshumaa, uache uwake vizuri. Uzime kwa pumzi kidogo, nawe utaona moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi. Peleka kijiti cha kiberiti kinachowaka kwenye moshi huo, mbali kidogo na utambi. Moto utaruka chini kwa kuufuata moshi, na mshumaa utawaka tena ingawa kijiti hakikuugusa. Moshi ule ni nta iliyogeuka mvuke. Joto huyeyusha nta, utambi huinyonya, nayo ikifika juu hugeuka mvuke, na huo mvuke ndio uwakao. Ndivyo ilivyo katika koroboi: yanayowaka si mafuta yaliyomo ndani ya kopo, bali mvuke wake. Faraday aliuthibitisha jambo hili kwa kuweka bomba jembamba la kioo katikati ya mwali, akautoa mvuke nje, akauwasha kwenye ncha ya pili.

Sasa chukua bilauri kavu iliyo baridi, uishike kwa kuipindua juu ya mwali kwa sekunde chache tu. Ndani yake patatanda ukungu wa maji. Maji kutoka motoni! Nta ina haidrojeni, nayo ikiungana na oksijeni ya hewani hufanya maji. Pia ina kaboni, ambayo ikiungana na oksijeni hufanya hewa ya ukaa. Faraday akaonyesha kwamba hewa itokayo kwenye mshumaa huyafanya maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa, kisha akaonyesha kwamba pumzi ya mtu hufanya vilevile. Vijana waliokuja kutazama mshumaa wakaambiwa kwamba ndani ya miili yao wenyewe chakula kinatumika kwa namna inayofanana na nta ile.

Katika maabara ya nyumba hiyohiyo, mwaka 1831, Faraday alikuwa ameingiza sumaku katika waya wa shaba uliozungushwa, akaitoa, akaona nguvu za umeme zikipita katika waya kila sumaku iliposogea. Kwa kanuni hiyo mitambo ya umeme huzunguka hata leo, pamoja na ile ya Owen Falls huko Jinja, iliyofunguliwa mwaka 1954 na ambayo sasa huitwa Nalubaale.

Hotuba za Krismasi zimeendelea kila mwaka, isipokuwa wakati wa vita, kuanzia mwaka 1939 hadi 1942. Tangu mwaka 1966 zimeonyeshwa katika televisheni, hivi kwamba mtoto asiye na tikiti, na ambaye makwao ni mbali na London, huweza kuziona. Mwaka 1973 msemaji alikuwa David Attenborough, aliyeeleza lugha ya wanyama, na mwaka 1977 Carl Sagan, aliyeeleza sayari. Ukumbi ni uleule, na msemaji bado huwaita watoto kutoka vitini waje mezani kushika vyombo kwa mikono yao.