Saratani na Moyo: Tunaogopa Kipi, Kinatuua Kipi?

Wanachuo wenzangu, ukitaka kunyamazisha sebule nzima kwetu Tabora, taja saratani. Ukitaja presha, mtu atakujibu, "Aa, hiyo hata mimi ninayo," huku anaongeza chumvi kwenye mboga. Hebu tuyalinganishe magonjwa haya mawili kama tunavyofanya darasani: kwanza tofauti, halafu mfanano.

Tuanze na idadi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 duniani, karibu theluthi moja ya vifo vyote. Saratani iliua milioni 9.3. Kumbuka, kiharusi kinahesabiwa upande wa moyo na mishipa, maana hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka kwenye ubongo.

Tofauti ya pili ni upimaji. Saratani ni seli zinazokua bila mpangilio, na kuithibitisha mara nyingi kunahitaji kukata kinyama na kukipeleka maabara. Presha inapimwa kwa dakika chache tu. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu, hata kama huumwi popote. Na hapo ndipo inapotudanganya.

Mimi nimelijua hili kwa uchungu. Bibi yangu aliota uvimbe kwenye titi. Ukoo mzima ulichanga, hadi mimi nikakata kwenye bumu. Majibu yakatoka: si saratani. Tukachinja kuku. Siku ileile presha yake ilikutwa juu, akapewa vidonge. Vilipoisha, hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo. Miezi saba baadaye kiharusi kikamchukua.

Sisemi saratani tuidharau. Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa wanawake, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Ndiyo maana tangu 2018 wasichana wanapewa chanjo ya kirusi kinachoisababisha.

Sasa mfanano. Tumbaku inalisha magonjwa yote mawili, na Tabora ni mkoa wa tumbaku. Ada za wengi wetu zimetoka humo. Pombe kupita kiasi, unene na kukaa bila mazoezi navyo vinachangia kote kuwili.

Hata safari inafanana. Karne ya 19 wapagazi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora kwenda Bagamoyo, na wengi walifia njiani kwa ndui na kuhara damu. Ndui imetokomezwa, ila malaria bado tunayo. Leo Taasisi ya Saratani Ocean Road na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete zote ziko Dar es Salaam, kwa hiyo mgonjwa mahututi wa Tabora naye anaweza kujikuta anaelekea pwani, mzigo wake ukiwa ni mwili wake mwenyewe.

Wengine wasingehitaji safari hiyo kama wangepimwa mapema na kumeza dawa bila kukatisha. Sisi walimu watarajiwa tuanzie nyumbani. Likizo hii ukifika, ukishamwamkia bibi, muulize: "Bibi, vidonge vya presha vimebaki vingapi?" Mimi sikuuliza.