Ukanda, Mota na Marudio: Fizikia ya Wimbo Uliounganishwa kwa Wembe

Msikilizaji wa santuri hudhani kwamba wimbo ni tukio moja: waimbaji wamekusanyika chumbani, wamepiga ala zao tangu mwanzo hadi mwisho, na chombo kimenasa yote. Zamani ndivyo ilivyokuwa hasa. Studio za kampuni ya EMI katika barabara ya Abbey Road, London, zilipofunguliwa mwezi Novemba 1931, sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya bamba la nta. Mpigaji mmoja akikosea, bamba jipya liliwekwa na wote wakaanza upya, kwa sababu nta haikatwi ikaungwa. Ukanda wa sumaku, ulioenea katika studio baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndio uliobadili hali hiyo. Kisa kimoja kilichotokea katika jengo hilohilo mwaka 1966 kinaonyesha waziwazi fizikia iliyomo ndani ya ukanda huo.

Kazi ya studio kubwa kama ile ilikuwa na utaratibu wa kiwandani. Kipindi kimoja cha kurekodi kilidumu saa tatu, na kampuni ilitarajia kupata nyimbo kadhaa katika muda huo. Kundi la The Beatles lilipokuwa bado changa lilirekodi nyimbo 10 kwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963. Miaka mitatu baadaye mauzo ya santuri zao yalikuwa yamewapa uwezo wa kukaa studioni kadiri walivyotaka. Wimbo wao “Strawberry Fields Forever” ulianza kurekodiwa tarehe 24 Novemba 1966, na haukumalizika ila karibu mwezi mmoja baadaye. Mtayarishaji alikuwa George Martin, na fundi wa mitambo alikuwa Geoff Emerick.

Mitambo waliyoitumia ilinasa sauti katika njia nne, zilizolala sambamba juu ya ukanda wenye upana wa milimita 25.4. Ngoma zingeweza kuwekwa katika njia ya kwanza, gitaa katika ya pili, na kadhalika, kila njia ikasikilizwa na kusahihishwa peke yake. Njia zote nne zilipojaa, mafundi walizichanganya na kuzihamishia katika njia moja au mbili za ukanda mwingine, ili nafasi ipatikane kwa ala nyingine. Nafasi hiyo haikupatikana bure. Kila ukanda una mnong’ono wake, sauti ya “sss” inayotokana na chembe za sumaku zisizopangika sawasawa. Ukanda unaponakiliwa, mnong’ono wa zamani huhamia pamoja na muziki, na ule wa ukanda mpya huongezeka juu yake. Ikiwa minong’ono hiyo miwili ina nguvu sawa, jumla yake ni mara mbili, yaani ongezeko la desibeli 3. Ndiyo maana kunakili kulifanywa kwa hadhari, na wala si mara nyingi.

Kila uchezaji wa wimbo uliitwa jaribio na kupewa namba. Nakala zilizohamishwa kutoka ukanda hadi ukanda nazo zilipewa namba katika mfululizo huohuo, hivyo namba kubwa haina maana kwamba wimbo ulipigwa mara nyingi hivyo. Jaribio namba 7 lilikuwa la upole, likiongozwa na kinanda kilichotoa sauti za filimbi. John Lennon, mtunzi wa wimbo, hakuridhika, akataka urekodiwe upya kwa nguvu zaidi. Likapatikana jaribio namba 26, lenye midundo mizito, tarumbeta 4 na ala 3 za nyuzi za sauti nene ziitwazo chelo. Alipoyasikiliza yote mawili aliupenda mwanzo wa lile la kwanza na mwisho wa lile la pili, akaomba yaunganishwe.

Ombi hilo lilikuwa jepesi kulitamka. Kwa mwanamuziki, hata hivyo, lilikuwa karibu na muhali, kwani majaribio hayo mawili hayakupigwa katika ufunguo mmoja wala kwa mwendo mmoja. Namba 26 lilikwenda kwa kasi zaidi, tena lilikuwa katika ufunguo wa juu zaidi. Kuyaunganisha hivihivi kungekuwa kama kushona kanzu kwa vitambaa viwili visivyolingana upana wala rangi.

Ili kuona njia ya kutokea, yafaa kutazama jinsi sauti inavyokaa juu ya ukanda. Sauti ni mtetemo, na idadi ya mitetemo kwa sekunde moja huitwa marudio, yanayopimwa kwa hezi. Ukanda wa studio ulipita mbele ya kichwa cha kunasia kwa kasi ya sentimita 38.1 kwa sekunde. Noti ya hezi 440, ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha ala zao, hutetema mara 440 katika muda huo. Hivyo kila mtetemo huchukua nafasi ya sentimita 38.1 zilizogawanywa kwa 440, yaani milimita 0.87 hivi. Sauti iliyokuwa ikipita hewani sasa imekuwa alama zenye urefu maalumu, mithili ya nyayo katika mchanga. Ukanda huo ukipitishwa kwa kasi iliyopungua kwa sehemu moja ya kumi, urefu wa alama haubadiliki, lakini zinazopita kwa sekunde moja ni 396 tu, na noti husikika nene zaidi. Wakati huohuo, wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika huwa na mapigo 90.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo. Katika ukanda, wembamba wa sauti na mwendo wa wimbo vimefungwa kamba moja: kigezo kilekile kinachozidisha kimoja huzidisha na kingine. Kama jaribio la kasi lingekuwa katika ufunguo wa chini, kusahihisha mwendo kungezidi kuharibu ufunguo, na kazi ingeishia hapo. Lakini lile la kasi ndilo lililokuwa la juu. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama muujiza. Mwanafunzi wa hisabati atakiona vizuri zaidi kama milinganyo miwili yenye kisichojulikana kimoja, ambayo kwa kawaida haina jawabu, na safari hii ikatokea kuwa na jawabu moja lililoiridhisha yote miwili kwa karibu sana.

Jawabu lilikuwa kupunguza kasi ya namba 26 kwa kiasi cha asilimia 11.5. Katika muziki wa Ulaya hatua ndogo kabisa, nusu toni, ni kuzidisha marudio kwa kipeuo cha 12 cha 2, yaani 1.0595. Nusu toni mbili ni 1.0595 mara 1.0595, yaani 1.122. Kasi iliyobaki, 0.885, ni sawa na kugawanya kwa 1.13, kwa hiyo sauti ilishuka zaidi kidogo ya nusu toni mbili.

Je, kasi ya mtambo wenyewe hubadilishwaje? Wanaozikumbuka redio za kaseti wanajua kuwa betri zilipokuwa zinakwisha, mwimbaji kijana aligeuka mzee taratibu. Mota za redio hizo zilitegemea nguvu ya betri. Mota za studio hazikuwa hivyo. Zilizunguka sambamba na marudio ya umeme wa mkondo geu, ambayo Uingereza ni hezi 50, na kwa sababu hiyo zilikuwa thabiti sana. Fundi aliyetaka kubadili kasi aliitenga mota na umeme wa mjini, akailisha umeme uliotoka katika kifaa cha kuzalisha mitetemo na kukuzwa na amplifaya. Kwa kupunguza kasi kwa asilimia 11.5, kifaa hicho kingepangwa katika hezi 44.25. Mbinu hiyohiyo ilitumika Februari 1967 katika studio hizo kuendesha mitambo miwili kwa pamoja: mlio wa hezi 50 ulionaswa katika njia moja ya mtambo wa kwanza ulikuzwa na kuendesha mota ya mtambo wa pili.

Tarehe 22 Desemba 1966 Martin na Emerick walifanya kazi ya kuunga. Ukanda uliokatwa ulipimwa kwa masikio, ukawekwa alama, ukakatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi ya utepe. Mafundi hawakuwa wakikata wima, bali mshazari. Katika ukanda wa upana wa milimita 6.35, mkato wa nyuzi 45 huenea milimita 6.35 pia kwa urefu, na umbali huo hupita mbele ya kichwa katika sekunde 0.017. Katika muda huo mfupi sauti moja hufifia huku nyingine ikiingia. Mkato wa wima hubadilisha sauti ghafla, nao huweza kusikika kama “tak”.

Kuna jambo moja ambalo hesabu za ufunguo na mwendo hazikulifuta. Mtu anapoimba noti ya chini, nyuzi za koo lake hutetema polepole zaidi, lakini ukubwa wa uwazi wa kinywa na koo haubadiliki sana, na uwazi huo ndio unaoipa sauti yake sura ya kujulikana. Ukanda unapopunguzwa kasi, kila kitu hushuka kwa uwiano mmoja, pamoja na sura hiyo. Sikio husikia mtu mwenye koo kubwa kuliko la kawaida. Ndiyo maana baada ya dakika ya kwanza ya wimbo, mahali palipo na kiungo, sauti ya Lennon huwa nzito na ya kindoto. Santuri ilipotoka Februari 1967 wanunuzi wengi hawakutambua kiungo hicho, ingawa aliyeonyeshwa mahali pake hukisikia kila mara. Siku hizi programu za kompyuta huikata sauti vipande vidogo mno na kuvipanga upya, zikabadili mwendo bila kugusa ufunguo. Kamba ile imekatwa.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi lifuatalo. Mtambo wenye mota ya aina iliyoelezwa umetengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani wa hezi 60, kisha umechomekwa bila marekebisho katika umeme wa hezi 50 wa Tanzania au Kenya. Wimbo wa dakika 3 utachukua muda gani, na sauti itashuka kwa nusu toni ngapi? Jawabu la kwanza ni dakika 3 na sekunde 36. La pili ni zaidi kidogo ya nusu toni 3, kwani 1.0595 ikizidishwa kwa yenyewe hadi mara tatu ni 1.189, na uwiano unaotakiwa ni 1.2.